Delta ya Tana kwa mtumbwi: vijana wanaoujua mto wao

Wengi huipita delta ya mto Tana, pwani ya Kenya, wakiwa ndani ya basi la Lamu, pazia limeshushwa. Shukeni Garsen, muwatafute vijana wa Kipokomo wanaotembeza wageni mtoni. Nawapa nyota nne, na ningewapa tano wangekuwa na jaketi za kuokolea za kutosha. Mto huu una mamba na viboko, kwa hiyo hilo si jambo la kufumbia macho.

Mengine yote yalinifurahisha. Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, na kijana husimama nyuma akisukuma kwa upondo, taratibu, bila injini ya kuwafukuza yangeyange. Akiona mgeni anatupa karatasi majini, anaigeuza safari arudi kuiokota.

Anaeleza bila kukariri: Wapokomo wanavyofuata mafuriko kupanda mpunga na ndizi, Waorma wanavyoleta ng'ombe kiangazi, na kwa nini maji yakipungua pande hizo mbili huingia katika ugomvi. Alitutajia mbega mwekundu wa Tana, anayeishi kwenye misitu ya kandokando ya mto huu na si kwingine popote duniani. Delta yenyewe imo katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2012.

Kisha akaimba bembelezo la Kipokomo lililozaa tuni ya wimbo wa taifa wa Kenya. Sote tulinyamaza. Watoto wetu wangepaswa kulisikia pale pale mtoni.

Nendeni asubuhi na mapema, na mbebe maji ya kunywa.