Kisu kinakata vizuri, mpini ndio shida

Jamani naomba niseme hili kabla hasira hazijapoa. Kile kisu chembamba chenye michoro ya mawimbi kwenye bapa, ambacho siku hizi kila anayepika nyumbani anakipiga picha kando ya sufuria yake, mimi pia ninacho, nimekaa nacho miezi kadhaa, na kimenishinda.

Makali yake sina ugomvi nayo, lazima niseme ukweli. Mimi napika vyakula vya kawaida tu, mboga, mchuzi, nyama kidogo, na kazi kubwa ni vitunguu. Kisu butu hakikati kitunguu, kinakiponda, yale maji yanaruka na ndio macho yanawaka. Hiki kilikuwa kinapita tu. Nyanya iliyoiva kabisa unaikata vyembamba wala haibonyei. Ningeandika wakati ule ningewapa nyota zote.

Halafu siku hiyo nakata boga. Sio mfupa, sio nyama iliyotoka kwenye friza, hivyo najua huviwekei kisu chembamba cha chuma kigumu, maana chuma kigumu hakipindi, kinamegeka na kukuachia mapengo. Boga, tena lilishapasuliwa nusu. Nakandamiza nasikia tak! bapa limebaki kwenye boga, mpini ninao mkononi, na vidole vilipona kwa bahati tu. Nachungulia ndani ya mpini naona gundi, na kachuma kafupi kama msumari. Halafu nje wameweka ribiti tatu, zile pini za kubania mpini kwenye chuma, zinang'aa ili udhani chuma kimepita mpaka mwisho, kumbe mapambo! Sisemi mpini uliozibwa ni mbaya, visu vingi vya Kijapani vina chuma kilichofichwa ndani ya mti na vinadumu miaka, ila huko chuma kinaingia ndani sana, hakiishii mlangoni.

Lakini hata hilo ningelimeza. Kilichoniudhi ni majibu. Nimewatumia wauzaji picha, kwa adabu, nimesalimia na nini, anakuja dada wa huduma kwa wateja ananiambia "Pole mama, labda hujazoea visu vya kisasa, hiki si cha kupasulia kuni." Kuni! Picha ina boga na mbegu zinaonekana. Nikamuuliza mbona kwenye video yenu mtu anapasua boga zima kwa kisu hichohicho, eti ile ni ya matangazo tu. Sasa tangazo si ndio lililonifanya ninunue? Kisha akaniuliza kama huwa nakiosha kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Dada, nyumbani kwangu mashine ni mimi. Nikamwambia nakiosha kwa mkono na kukifuta hapohapo, nakatia kwenye ubao wa mti, sio kioo wala marumaru. Kimya. Baadaye ikaja emoji ya kusali.

Basi kwa hasira nikaanza kukikagua chote. Ile michoro ya mawimbi imefutika pale ninapokinolea kwenye jiwe. Michoro ya kweli inatokana na matabaka ya chuma yaliyofuliwa pamoja, hata ikififia bado imo ndani na asidi inairudisha. Hii nadhani ni ya kuchapwa juu tu.

Eti nikipeleke kwa fundi akaweke mpini mwingine, ndivyo wengi wananishauri. Nilipeleka. Akakigeuza akasema mama hapa hakuna cha kushikia ribiti, labda aunganishe chuma kwa kuchomelea, na moto ukisogea kwenye makali unaulegeza ule ugumu, yaani unaharibu kitu pekee kizuri kilichobaki.

Kwa hiyo nyota moja. Mbili basi, bapa halina kosa, na kusema kweli nikikata vitunguu kwa kisu changu cha zamani nakitamani hiki. Ila nikikumbuka lile neno la kuni, hapana, moja, na kama wangeruhusu sifuri ningeweka. Hela yangu bado naidai, meseji ya mwisho wameisoma hawajajibu.