Miezi 18 na Google Workspace kwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani

Maksi kwanza: huduma hii ya Google ya kulipia, ya barua pepe na faili za ofisi, naipa saba kwa kumi. Kati ya tatu zilizopungua, mbili ni makosa yetu wenyewe ofisini.

Tuko Moshi, vyumba viwili nyuma ya Barabara ya Rengua. Mezani tuko sita, na waongoza wageni wanaongezeka na kupungua kwa msimu. Kazi yangu ni kupokea oda za wageni, lakini kwa kuwa niliwahi kusoma kompyuta kidogo, mambo yote ya nenosiri yaliniangukia mimi.

Zamani tulitumia ile barua pepe ya bure unayopewa ukinunua nafasi ya tovuti. Sanduku moja, nenosiri moja, watu wanne wanalijua, limeandikwa kwa kalamu nyuma ya kalenda. Desemba 2023, nusu ya ofisi ikiwa imeshapanda Rombo na Marangu kula Krismasi, tukapigwa. Mtu aliingia kwenye sanduku letu, akakaa humo kimya akisoma, kisha akamjibu mgeni wetu wa Ujerumani ndani ya mazungumzo yaleyale, kwa ucheshi wetu uleule, akampa akaunti nyingine ya benki ya kulipia pesa ya kushika nafasi. Alishaweka na kichujio: kila barua ya mgeni yule iende moja kwa moja kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Sisi huku tunashangaa mbona Mjerumani kanyamaza. Dola 1,860 zikaenda. Hasara tuligawana naye nusu kwa nusu, na Februari akaja akapanda kwa njia ya Machame. Kusema kweli, ningekuwa mimi nisingekuja.

Januari 2024 tukahamia Google Workspace, kifurushi cha chini kabisa, Business Starter. Kila mtu na akaunti yake, uthibitishaji wa hatua mbili kwa wote, yaani nenosiri kwanza, kisha namba ya siri kutoka kwenye simu. Fundi aliyetuunganishia aliweka rekodi tatu kwenye domeni yetu, yaani jina letu la mtandaoni: SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu, DKIM inayotia sahihi kila barua, na DMARC inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyofaulu. Akaondoka akisema sasa tumelindwa kila upande. Hapo naomba nimpinge. Rekodi hizo zinamzuia mtu wa nje anayejifanya sisi. Yule wa Desemba alituma kutoka kwenye akaunti yetu halisi, kwa hiyo barua yake ingepita bila kuguswa. Ambacho kingemsumbua ni hatua mbili za kuingia, na mtu wa kukagua vichujio. Sasa kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, nakagua vichujio vya sanduku la oda na kuangalia kama kuna barua zinazoelekezwa nje. Dakika tano hazifiki. Na mgeni yeyote akipewa akaunti ya benki, tunampigia.

Halafu nikaharibu mwenyewe. DMARC tuliianza kwa ulegevu, yaani inaripoti tu bila kuzuia kitu, ndivyo inavyoshauriwa. Wiki mbili baadaye nikaikaza mpaka mwisho bila kukumbuka kwamba barua za ofa tunazituma kwa huduma nyingine, ambayo haikuwa kwenye rekodi. Zikakataliwa zote, msimu wa Juni unakaribia. Bosi hakunisemesha siku nzima.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kijana wetu mmoja alipata kazi Zanzibar, nami kwa kubana matumizi nikafuta akaunti yake jioni ileile. Ratiba na bajeti za safari alizokuwa anazishughulikia zote zilikuwa kwenye Drive yake binafsi, ile hifadhi ya faili ya Google. Akaunti iliyofutwa unaweza kuirudisha ndani ya siku 20. Mimi nilishtuka siku ya 12. Anayehama sasa namfungia akaunti kwanza, nahamisha umiliki wa faili, ndipo nafuta.

Hatua mbili zilileta vurugu ndogondogo. Mhasibu wetu, dada makini kuliko sisi wote, alibadilisha simu bila kuhamisha ile programu ya namba za siri, akabaki nje ya akaunti siku ya kulipa wapagazi. Sasa kila mtu amechapisha zile namba 10 za akiba za kuingilia, ziko kwenye kasha la fedha. Kalenda haina kitu nyuma.

Mtandao ulipozorota Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nilishukuru kwamba laptopu ya oda ilikuwa imewashiwa Gmail ya nje ya mtandao. Barua nilizosoma nyuma zilifunguka, majibu yakasubiri kwenye foleni.

WhatsApp hatujaiacha, na hatutaiacha. Tulijaribu Slack ya bure, programu ya mazungumzo ya ofisini. Inaonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na wageni wetu wengine huanza kuulizia mwaka mzima kabla. Wapagazi wengi wana viswaswadu, na waongoza wakifika kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, mita 3,720, ambako TTCL walipeleka intaneti mwaka 2022, hawafungui kingine zaidi ya WhatsApp. Sawa. Nilichokataza ni picha za pasipoti. Kundi letu lilikuwa na watu 23, wengine waliacha kazi zamani, na pasipoti za wageni zimejaa humo kama picha za harusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamhusu yeyote anayekusanya taarifa za watu, hata ofisi ya vyumba viwili. Siku hizi pasipoti zinakaa kwenye folda moja inayofunguliwa na watu wawili, na safari ikiisha tunafuta nakala.

Maksi moja niliyomnyima Google ni ya nafasi. GB 30 kwa kila akaunti zinatosha barua na ratiba, ila video za kileleni zinazila haraka. Nimeomba tupandishe kifurushi na kuongeza akaunti mbili za waongoza wakuu. Bosi kasema tuone kwanza msimu utakavyokwenda.