Kabla hujalipia madabodi, hesabu sloti za RAM

"RAM utaongeza baadaye, dada." Kwa maneno hayo nilitoka Kariakoo na madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya H610 na RAM (vijiti vya kumbukumbu) mbili za GB 8. Video za harusi zilipoanza kuigandisha mashine nikataka kufika GB 32, na pa kuchomeka hapakuwepo. Sloti mbili tu, zote zimejaa! Nikanunua RAM mbili za GB 16, zile za mwanzo nikaziuza kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo taa na WiFi wengine watawaambia. Mimi naangalia sloti. H610, chipseti ya Intel ya mwaka 2022 (chipu inayoamua madabodi ikubali nini), inakubali RAM moja kwa kila chaneli (njia ya RAM kwenda kwenye prosesa), na chaneli ni mbili. Tena imefunga kasi: RAM zangu za DDR4 (aina ya RAM) zimeandikwa kasi ya 3600, zikaishia 3200, na ile 3600 nilishailipia.

Namba moja kwangu ni MSI PRO B760M-P DDR4. Sloti nne, inafika GB 128, inabeba prosesa za Intel kizazi cha 12 hadi cha 14, na ukiwasha XMP (mpangilio wa kasi ya RAM) kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya madabodi), RAM inakwenda kasi uliyoilipia. MSI naipenda, sifichi. Hata kwa mwenye prosesa ya AMD Ryzen 5000 nachagua yao, B550M PRO-VDH WIFI, sloti nne vilevile. Ukiikosa ile ya Intel, chukua Gigabyte B760M DS3H DDR4.

Lakini usione B760, chipseti ya hizo madabodi za Intel, ukatulia. ASUS PRIME B760M-K D4 ni B760 na ina sloti mbili! Hiyo D4 nayo isome vizuri, maana kwenye B760 isipoandikwa D4 wala DDR4, mara nyingi ni ya DDR5, na RAM yako ya DDR4 haitaingia, pengo la ukingoni mwake limekaa pengine.

H610 inamfaa wa kuandika barua na hesabu za duka. Aweke RAM moja ya GB 16, sloti ya pili aiache wazi.

Wauzaji ndio wananiumiza. Mtandaoni wanaandika "bei njoo DM". Ukienda DM, "njoo dukani". Unapanda daladala mpaka Kariakoo, unaomba boksi lifunguliwe uhesabu sloti, muuzaji ananuna, halafu anauliza kama kaka yako yupo aje aongee naye. Pesa ni yangu, mashine ni yangu. Boksi lisipofunguliwa pale pale kaunta, silipi.