Kupimwa mwili mzima kwa kuangaliwa macho: uzoefu wangu wa iridolojia

Nilikwenda na mama mdogo kwenye kliniki ya tiba mbadala hapa Dar es Salaam inayotangaza kipimo cha mwili mzima bila kutolewa damu. Wanasoma magonjwa kwenye duara lenye rangi linalozunguka mboni.

Mapokezi ni mazuri, hilo siwanyimi. Unaweka kidevu kwenye kishikio, kamera yenye taa inasogezwa, mara jicho lako limejaa kioo kizima cha kompyuta: nyuzi za kahawia zinatoka katikati kwenda pembeni, na madoa meusi hapa na pale. Juu yake wanaweka ramani ya viungo. Jicho la kulia ni upande wa kulia wa mwili, figo ziko chini kabisa.

“Dada, figo zako zimeanza kuchoka,” mtaalamu akaniambia, kidole kikiwa kwenye doa. Mama mdogo akaambiwa shida yake ni tumbo. Ana kisukari cha miaka mingi, na hakikutajwa mpaka alipokitaja mwenyewe. “Ndiyo mama, hata hapa kinaonekana.” Kisha zikaja dawa za kusafisha sumu, dozi ya miezi mitatu, ghali kuliko kodi ya chumba.

Hatukununua. Nilipima kreatinini hospitali, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na figo ziko sawa. Na suala hili la figo lilishachunguzwa zamani: mwaka 1979 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa watu 143. Wasomaji watatu wa iridolojia na madaktari watatu wa macho walipewa picha za macho ya watu hao, wakashindwa kuwatenga wenye ugonjwa wa figo na wazima.

Kilichonikera zaidi ni habari ya rangi. Macho ya kahawia, tuliambiwa, ni ya “aina ya damu” (jina lao la kundi la macho, si kundi la damu la hospitali), yana udhaifu wake. Iridolojia ilianzia Ulaya karne ya 19, kwa daktari wa Hungaria Ignatz von Peczely, huko kwenye macho ya bluu na ya kijani. Kwa mgawanyo huo karibu sisi sote huku ni wagonjwa wa aina moja! Tena maumbile ya duara lile hayabadiliki sana ukubwani, ndiyo maana hutumika kutambua watu kama alama za vidole. Litaonyeshaje figo iliyougua mwaka jana ikapona mwaka huu?

Jicho kweli hutoa habari za mwili, ila kwa nyuma, kwenye retina, ambako kisukari na presha huharibu mishipa midogo ya damu. Mama mdogo aliangaliwa huko hospitali, yakaonekana mabadiliko ya mwanzo, sasa anafuatiliwa. Pesa yako ipeleke huko. Mwenye kisukari aombe kipimo hicho angalau mara moja kwa mwaka, na aende na mtu wa kumshika mkono, maana matone ya kupanua mboni humfanya aone ukungu kwa saa kadhaa.