TAHADHARI: "Daktari wa mimea" wa Kibuye, na jinsi mwalimu wa kemia alivyoingia mkenge

Mnicheke mkimaliza kusoma, si sasa. Sasa hivi uso unaniwaka na sina hata nguvu ya kujitetea.

Jumapili ya kwanza baada ya kufunga shule nilienda soko la Kibuye, Kisumu, kununua omena na kamba ya ng'ombe. Krimu sikuwa nayo akilini. Madoa yangu ya mashavuni mnayajua, yako pale tangu nilipombeba Junior, na tulishazoeana. Nikakatiza upande wa mitumba, nikakuta watu wameizunguka meza. Mwanamume wa makamo, koti jeupe, spika ndogo begani, anakata jani la ogaka (mshubiri, yaani aloe) kwa kisu. Ule utomvu wa manjano unachuruzika mezani, naye anasimulia jinsi bibi zetu walivyoukamulia kwenye maji ya kuku msimu wa kideri. Na ni kweli! Bibi yangu alifanya hivyo kila mwaka. Hapo ndipo aliponinasa, sina haja ya kuzunguka. Alianza na jambo ninalolijua mwenyewe, kwa hiyo yaliyofuata nikayameza bila kutafuna.

"Nyaminwa," yaani dada yangu, "lete mkono."

Nikampa. Akanipaka jeli juu ya kiganja, akasugua kwa kidole gumba, taratibu, huku akiongea na umati wala hanitazami. Vijidonge vya kijivu vikaanza kujiviringa kwenye ngozi yangu, vingi, kama vya kifutio. "Huo ni uchafu wa miaka kumi. Sabuni haiufikii." Watu wakaguna. Mama mmoja akanisogelea kuchungulia. Nilikuwa nimeoga asubuhi ile ile kwa maji moto, lakini niliona haya mbele za watu hadi nikauficha mkono kwenye leso. Mtu mwenye haya hauliziulizi, ananunua ili aondoke.

Sikuondoka. Nilisubiri gilasi. Maji safi, matone mawili ya kitu cha kahawia, maji yakawa kama chai ya rangi. "Hii ndiyo damu yako." Akadondosha "maji ya mlonge" kutoka kwenye chupa yake, akatikisa, maji yakawa meupe pe. Umati ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Mimi, ninayewaonyesha watoto wa watu maabarani kila mwaka kwamba ayodini ikikutana na vitamini C inapoteza rangi! Nimelifanya jaribio hilo kwa mikono yangu mara ngapi? Laiti angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote.

Nikanunua mikebe miwili ya krimu ya "ogaka na mwarobaini", 1,500 kila mmoja, na unga wa magoti wa mama mkwe, 2,000. Tili yake, ile namba ya M-Pesa ya biashara, "imekwama", kwa hiyo nikatuma kwa namba ya kawaida. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Nikauliza. "Ni mke wangu, ndiye mhasibu." Tukacheka wote wawili.

Sasa msiseme nilikuwa mjinga tangu mwanzo, kwa sababu krimu ilifanya kazi. Siku ya nne madoa yalikuwa yamefifia. Wiki ya pili hata Baba Junior, ambaye haoni nikisuka nywele, aliuliza nimefanya nini. Shule ilipofunguliwa, walimu watatu wakataka, nikawaagizia, nikawa wakala bila mshahara. Hao watatu nimeshawaomba radhi ana kwa ana. Mmoja bado hanisalimii, na ana haki yake.

Mkebe wa pili ulipoisha, nikatuma 3,000 za "kozi ya kumalizia" ili nitumiwe mzigo kwa boda. Boda hakuja. Siku tatu bila krimu, uso ukaanza kuwasha. Siku ya tano ukawa mwekundu kama nyanya, vipele vimezunguka mdomo, ngozi inavutwa hata nikitabasamu. Nikipaka maji tu, moto. Nilifundisha kidato cha tatu na leso usoni, nikidai nina mafua. Nikapiga simu: haipatikani. Nikatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini siku zilikuwa zimepita na mpokeaji alishatoa kila kitu. Jumapili nikarudi Kibuye. Pale penye meza sasa pana mama wa mabeseni. Anasema yule "daktari" alipisha nafasi mwezi uliopita, naye mama hajui lolote zaidi.

Daktari wa ngozi hakushangaa hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Alinusa mkebe, akauliza madoa yalianza kufifia baada ya siku ngapi, akatikisa kichwa. Kwa maelezo yake, krimu inayoleta nafuu ya haraka hivyo kisha ngozi inalipuka ukiiacha, mara nyingi imechanganywa na dawa kali ya steroidi (jamii ya homoni), kama klobetasoli, ile ya kuandikiwa hospitalini na kutumiwa kwa siku chache. Ukiipaka usoni wiki nyingi ngozi inakuwa nyembamba, na ukiiacha inalipiza kisasi. Cheti cha maabara sina, nasema alichosema yeye. Dada yangu mfamasia ndiye aliyeua ile hadithi ya uchafu: tulisugua jeli iliyobaki kwenye sahani safi yenye maji ya chumvi, na vijidonge vya kijivu vikatoka vile vile. Sahani nayo ina uchafu wa miaka kumi?

Huyu mtu akipatikana akamatwe, afikishwe kortini, na kabla ya kortini apakwe mkebe mzima usoni kila asubuhi kwa mwezi mmoja halafu anyang'anywe. Nchi hii ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi) na homoni mwaka 1998, nikiwa darasa la pili. Leo mimi ni mama wa mtoto na bado vinauzwa juani kwa spika! Nani anamlinda? Nilipiga ripoti. Nikaulizwa jina lake kamili. Ningekuwa nalo si ningeanza na hilo?

Jina la mkebe silitaji kwa sababu kesho atachapisha lingine. Lakini angalieni. Ulikuwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nzuri kabisa, ila chini yake hapakuwa na namba ya kibali. Ile namba ndiyo unayotuma kwa 20023 ukianza na SM# ili uone ni bidhaa ya nani. Pasipo na namba huna cha kutuma. Halafu harufu. Mafuta ya mwarobaini yananuka, yanakaribia kitunguu saumu, yeyote aliyeyapaka mbuzi anajua. Krimu yangu ilinukia vanila. Jeli ya ogaka uliyoikamua mwenyewe haimalizi wiki mezani kabla ya kuharibika. Hii ilikaa juu ya friji miezi miwili na haikubadilika hata rangi. Mengine nimesahau, nina hasira. Ndiyo, na lile jina la M-Pesa.

Walimu wangu watatu wako kwa daktari. Aliyebaki ni mama mkwe kule Ugunja. Daktari ameonya kwamba unga ule wa magoti huenda nao una steroidi, na kama ameunywa muda wote huu asiuache ghafla, aletwe kwanza apimwe. Nimempigia mara nne. Anasema magoti yamepona, juzi amepanda kilima kwenda kanisani bila fimbo, na kwamba mimi nimeanza kuwa bahili. Mara ya mwisho akaniuliza nitamletea mkebe mwingine lini. Jumamosi naenda mwenyewe, na shemeji kashanidokeza kwamba ameuficha ndani ya debe la mahindi.