TigerTrak ya Blue Ox: rodi inayotuliza mkia wa gari-nyumba

Lori lenye trela linapolipita gari-nyumba kubwa kwenye barabara kuu, upepo unaotangulia pua ya lori hulipiga gari-nyumba kwanza sehemu ya nyuma, ambako bodi imejitokeza mbali kupita ekseli, na mkia unaposukumwa nje, pua ya gari-nyumba hugeukia lori lenyewe. Dereva hurekebisha usukani, na kabla hajatulia inambidi aurekebishe tena. TigerTrak, rodi ya chuma ya kampuni ya Blue Ox ya Nebraska, Marekani, imeundwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa, na kwangu imefanya kazi kuliko kifaa kingine chochote nilichowahi kufunga.

Springi za tabaka, pamoja na bushi zake za mpira, huiachia chasisi nafasi ya kucheza kushoto na kulia juu ya ekseli. Uchezaji huo ni mdogo, lakini katika gari lenye urefu wa mita 10 na ushei, dereva huuhisi kana kwamba magurudumu ya nyuma nayo yanakata kona. Rodi hufungwa kwa kukingama, ncha moja kwenye chasisi na nyingine kwenye ekseli, ikazuia mwendo wa pembeni huku springi zikiendelea kupanda na kushuka. Ni lazima ilale karibu sawasawa na ardhi, kwa maana ikiinama sana, kila shimo la barabarani litaisogeza ekseli pembeni.

Niliijaribu kwenye barabara ya I-80 huko Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, ambako upepo wa karibu na Elk Mountain hupindua hata malori. Gari bado lilisukumwa, ila lilisukumwa lote kwa pamoja bila mkia kuyumba, na kuugeuza usukani kidogo kulitosha.

Isitarajiwe kupunguza kulala kwa gari kwenye kona, kwani hiyo ni kazi ya stabilaiza. Tena, kabla ya kutoa fedha, pima uzito wa kila ekseli kwenye CAT Scale, yaani mizani ya malori iliyo kwenye vituo vya malori huko Marekani, kisha jaza upepo kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa tairi. Matairi ya mbele yaliyojazwa kupita kiasi huyumbisha gari vilevile, na hakuna rodi itakayoyatibu. Ukishaifunga, ingia uvunguni baada ya safari ya kwanza ukaze upya boliti za mabano yake.