Urea au CAN kwenye bustani ya nyasi: ipi inapoteza naitrojeni hewani?

Kwa mita 100 za mraba, kilo 1.1 za mbolea ya urea (46% naitrojeni) na kilo 1.9 za CAN, yaani mbolea ya kalsiamu amoniamu naitreti (takriban 27%), zinatoa karibu kiasi kilekile, nusu kilo ya naitrojeni. Tofauti ni njia inayopotelea.

Urea ikibaki juu ya ardhi, kimeng'enya cha ureazi, kilichojaa kwenye masalia ya nyasi iliyofyekwa, huigeuza gesi ya amonia ikapaa. Joto na unyevunyevu wa umande huharakisha. Ukinusa harufu kali, pesa yako inaondoka. Mwagilia siku hiyohiyo, milimita 12, yaani madebe 60 ya lita 20. Manyunyu hayatoshi: yanaiyeyusha bila kuizamisha.

CAN haipotezi amonia kwa kiasi hicho. Ila nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, na udongo ukituama maji, bakteria waliokosa oksijeni huivunja ikatoka naitrojeni tupu pamoja na naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kabonidayoksaidi, uzito kwa uzito.

Kiangazi, bila maji ya kutosha: CAN. Masika, kwenye mfinyanzi: urea, nusu dozi mara mbili. Udongo umetota? Usiweke yoyote.